Mrija Uliorudishwa

Jumatatu, Machi 2, 1992

Shajara hii nimepewa na Bwana Alexander, meneja wetu. "Andika mvua na mabehewa," alisema, kisha akafunga mlango wa ofisi kabla sijamuuliza kuhusu viatu vya kazi. Mvua haijanyesha na behewa ni la Alhamisi. Basi nitaandika yangu.

Naitwa Gichana. Ni mshika breki wa kiwanda cha pombe cha Tebeswet, mwaka wa kumi na moja huu. Leo alikuja mkaguzi kijana kutoka Nairobi, viatu vyeupe, akauliza kwa nini kiwanda kimejengwa shimoni namna hii, mbali na mji, mbali na barabara ya lami. Nilimcheka moyoni. Nikamweleza kwamba pombe ni maji, na maji yako chini. Shayiri ni mzigo, na mzigo unakuja kwa reli. Ukitafuta kiwanda cha pombe cha zamani, fuata reli mpaka iguse mto, pua itakuonyesha mahali penyewe. Mzungu aliyejenga hapa hakuwa mjinga. Stesheni iko juu, sisi tuko chini, kwa hiyo behewa lililojaa linateremka lenyewe mpaka mlangoni pa ghala. Injini ya nini? Mimi napanda nikishika gurudumu la breki, na mwenzangu Weldon anasimamia njia.

Kijana akaonyesha mkono wa chuma ulioko chini ya kiwanda, nje ya ua, karibu na daraja.

"Na ule?"

Weldon akamjibu, maana ule ni wake. "Hio ni ya kuzuia ajali. Kari, yaani behewa, ikitoroka, inaingia kwa mchanga, inalala. Lakini mtu akikanyaga hio mkono, inapita hadi reli kubwa, na kutoka hapo ni mteremko hadi Koru. Lakini lazima ukanyage mpaka ipite yote. Ukiachilia kidogo, inarudi."

Kitu kimoja sikumwambia mgeni. Mto ndio mpaka. Ng'ambo ni Wakipsigis na majani chai yao, upande huu ni sisi Wakisii tuliokuja kazini tukanunua vishamba. Kiwanda kinataka mto, na mto ndio mpaka, kwa hiyo tumekaa mpakani. Hakuna aliyepanga hivyo.

Alhamisi, Machi 5

Mabehewa mawili. Jua kali. Weldon alichelewa, nikamtukana, akacheka.

Jumapili, Machi 8

Baada ya misa nilivuka daraja kwenda kwa Mzee Kipkirui, babake Weldon. Mkewe, Chepchirchir, ni wa kanisa lisilotaka pombe hata kwa harufu. Yeye hupika ile pombe ya wimbi, huileta, halafu huangalia upande mwingine tukinywa. Nikamwuliza kama Mungu naye ataangalia upande mwingine. Akanitupia gunzi.

Tulikuwa wazee sita kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Wangu ni mrefu, wa mmea unaotambaa msituni, na mzee mwenyewe ndiye aliyenikatia miaka tisa iliyopita. Unatundikwa ukutani kwake pamoja na ya wengine. Mimi ndiye Mkisii pekee mwenye mrija katika ukuta ule, na ninajivunia, sifichi. Nafasi moja iko wazi. Ilikuwa ya Kiptanui, aliyehamia Bomet mwaka jana. Mtu akihama huchukua mrija wake. Akifa, unakwenda kwa kifungua mimba wake.

"Yangu itaenda kwa huyu Weldon," mzee alisema, "na hajui kunywa polepole."

Ndugu yangu mdogo, Obure, anasema naona raha sana kwa hao watu. Nilimwambia wivu utamuua.

Alhamisi, Machi 12

Mvua! Imeanza saa nane kama mtu amemwaga ndoo. Behewa moja, shayiri kavu. Nimevaa koti la manjano la kiwanda. Liko moja tu, la mshika breki, na Weldon amelitamani tangu alipoajiriwa.

"Siku moja nitarithi hio koti," akasema, amelowa chapachapa.

"Nikifa," nikamwambia.

Jumatatu, Machi 16

Moshi nyuma ya kilima, upande wa Fort Ternan. Watu wanasema ni makaa. Makaa gani mvuani?

Jumanne, Machi 17

Weldon hakuja kazini. Nyambeki, mke wangu, anasema sokoni mama mboga wa ng'ambo hawakumsalimu. Nilimwambia pengine bei yake ilikuwa mbaya.

Alhamisi, Machi 19

Wamemuua Mokaya, mwenye duka karibu na kituo cha kupimia majani chai. Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya duka, mshale umeingia chini ya kwapa ukatokea mgongoni, na mkononi bado ameshika pakiti ya kiberiti. Alikufa akimuuzia mtu. Watu waliokuwa kwenye foleni ya majani walikimbia na vikapu vyao. Hakuna hata mmoja aliyemlaza chini. Mimi na Obure ndio tuliomlaza, na mwili ulikuwa umeanza kukakamaa, ukabaki umekunjika kama bado amekaa. 

Behewa moja. Phelix, dereva wa injini, hakuizima hata injini. "Gichana, Alhamisi ijayo nitakuja," alisema, "lakini nikiona moshi hapa sitasimama. Niko na watoto." Weldon hakuja. Tulipoliteremsha likiwa tupu, mkono wa chuma ulisimamiwa na Obure, na aliuachilia mapema, behewa likaingia mchangani gurudumu moja. Tulilitoa kwa nguvu za watu ishirini, tukalirudisha mlangoni pa ghala.

Jumapili, Machi 22

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Sikwenda kwenye chungu leo, kwa sababu ya Mokaya. Nilingoja Kipkirui anitumie salamu za rambirambi. Saa tisa nikamwona Chepchirchir anavuka daraja peke yake, mwavuli hana, amebeba kitu kirefu kimefungwa kwa gazeti. Alisimama uani, hakutaka kuingia.

"Mzee amesema chukua kitu yako."

Nikafungua. Mrija wangu.

"Mama, nimekosa nini?"

"Mimi nimetumwa tu." Aliangalia nyuma kuelekea darajani. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Chukua, Gichana. Chukua na usikie."

Nisikie nini? Miaka tisa! Nimechimba kaburi la mamake yule mzee kwa mikono hii. Leo damu ya Mokaya haijakauka ananitoa ukutani mwake kama mbwa. Niliuvunja ule mrija gotini mbele ya mkewe, vipande viwili, nikavitupa matopeni. Chepchirchir alifunika uso kwa leso akaondoka akikimbia, mwanamke wa umri wake.

Nyambeki alisema, "Baba Nyabate, labda anakuambia kitu. Twende kwetu Kisii, hata kwa wiki mbili."

Nilimwambia mambo ya chungu wanawake hawayajui. Sitafukuzwa Tebeswet na mrija.

Jumatatu, Machi 23

Mvua. Hakuna behewa. Obure amenoa panga, sikumzuia.

Jumatano, Machi 25

Naandika nikiwa ghalani, juu ya magunia ya kimea. Nisipoandika nitapiga mayowe, na watoto wamelala.

Walikuja jana saa tano asubuhi, mchana kweupe, mvua ikinyunya. Walivuka darajani wakiwa mstari, labda mia mbili, nyuso zimepakwa udongo mweupe, pinde mikononi. Wengi sikuwajua. Walizungumza kwa lafudhi ya mbali. Wa hapa walikuwa wachache, katikati, na ndio waliokuwa wakionyesha nyumba kwa kidole.

Nyumba yetu ilikuwa ya nne kuchomwa. Nilimbeba mtoto wetu Nyabate begani, Nyambeki akashika nguo zake kifuani, tukakimbilia kiwandani kwa sababu ua wake ni wa mawe. Obure alikuwa nyuma yetu. Nilisikia kama mtu amekohoa. Nikageuka. Mshale ulikuwa umemwingia shingoni, na alikuwa akiushika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mrija, damu ikitoka kati ya vidole. Alitaka kusema jina langu. Kisha kijana mmoja akafika na panga, akamkata mara tatu, moja kichwani, mbili mgongoni, bila haraka, na akapangusa panga kwa shati la ndugu yangu. Mimi nilikuwa hatua ishirini. Nilikuwa na mtoto begani. Sikurudi. Mungu anajua kwamba sikurudi.

Bwana Alexander, ambaye ni Mkipsigis, alifungua lango mwenyewe akasimama katikati yake mpaka tulipoingia, watu arobaini na watatu. Jiwe lilimpasua paji la uso. Halafu aliondoka kwa pikapu yake kutafuta polisi. Hajarudi. Sijui kama ameshindwa au hataki.

Walijaribu lango mara mbili. Tuliwatupia chupa. Chupa ya pombe ikijaa ni silaha mbaya. Nilimpiga mmoja mdomoni, nikaona meno yakitoka, na nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi.

Leo wamehamia stesheni, juu yetu, wamevunja ghala la kreti wanakunywa. Asubuhi nilipovuka uani kuchota maji, nimevaa koti la manjano, sauti ilinijia kutoka juu, naifahamu kuliko ya ndugu yangu.

"Gichana! Nakuona! Hata kwa ukungu nakuona!"

Alikuwa ni Weldon, ovaroli ya bluu ya kiwanda, uso mweupe wa udongo, na upinde. Mshale ukagonga ndoo.

Kesho ni Alhamisi. Phelix atakuja.

Alhamisi, Machi 26

Saa sita tulisikia injini. Wanawake walianza kuimba. Ikafika stesheni, ikapiga honi ndefu, haikupunguza mwendo, ikapita. Nilimwona Phelix dirishani ameangalia mbele.

Mama mmoja mzee amekufa. Hatukujua jina lake.

Jumamosi, Machi 28. Koru

Tuko hai. Naandika yote kabla sijasahau, ingawa sidhani nitasahau.

Jana asubuhi niliangalia behewa tupu lililobaki mlangoni pa ghala, lile la tarehe kumi na tisa. Nikaona nilivyokuwa mjinga. Siku tatu nangoja injini, na kazi yangu yote ni kuteremsha behewa bila injini! Mteremko hauishii kiwandani. Kilichobaki ni mkono wa chuma. Lakini uko nje ya ua, mita mia mbili, na anayeukanyaga hawezi kupanda. Breki siwezi kumwachia mtu, mteremko ule utawaua wote. Wanaume walitazamana. Hakuna aliyejitolea, na sikuwalaumu.

Saa tisa mvua ikaja nzito, na ukungu. Nikasikia mtu akikohoa upande wa mtoni, kwenye tundu la kutolea maji machafu. Nilienda na panga. Alikuwa Kipkirui, amepiga magoti kwenye takataka za kimea, mzee wa miaka sitini na saba, shuka limemganda mwilini, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Nilimwambia, "Umekuja kuchukua vipande vya mrija?"

"Wewe ni mtu ya hasira," alisema. "Mtu ikirudishiwa mrija yake, inafanya nini?"

Nikashusha panga.

"Kiptanui nilimpea yake, ilifanya nini?"

"Alihama."

"Sasa wewe ukavunja." Alikohoa. "Walikuwa wamekaa kwa nyumba yangu tangu Ijumaa iliyopita, hao watu ya mbali. Nikitoka wanatoka na mimi. Nikituma neno wanasikia. Mama peke yake ndio waliacha apite, na walifungua hio gazeti wakaona ni mrija tu, wakacheka. Nilijua utaelewa. Nilisema, Gichana ameketi na sisi miaka tisa, ataelewa."

Kila Mkipsigis angeelewa. Mimi niliyejisifu kwamba niko ukutani sikuelewa, au nilielewa upande wa kiburi tu. Hasira hasara, tunawaambia watoto, na hasara yangu ilikuwa imelala nje ya lango siku ya nne, haijazikwa. Nililia mbele yake. Nikamwambia Obure amekufa. Alisema anajua, alipita hapo, alimfunika na majani ya mgomba.

Kisha nikamweleza habari ya behewa na mkono wa chuma. Hakufikiri hata kidogo.

"Mimi nitakanyaga. Mimi ni mzee wao. Nani atanigusa?"

Ilikuwa kweli. Katika watu wote wa Tebeswet, yeye pekee angeweza kusimama pale salama. Lakini alikuwa akitetemeka, na mvua ilikuwa ikimpiga kichwani, na mimi nilikuwa nimemvunjia mrija mbele ya mkewe. Nikavua koti langu. Nikamvisha mwenyewe, nikamfunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto.

"Kongoi," akasema, akishukuru kwa lugha yake. "Hii koti ni zito sana." Akatambaa akarudi nje.

Tulipakia watu. Wanaume kumi wakasukuma, magurudumu yakalia, halafu uzito ukakubali na behewa likaanza kwenda. Wakarukia ndani. Mimi nilikuwa juu, kwenye gurudumu la breki, na shati tu. Mbele, katika ukungu, niliona kitu kimoja tu chenye rangi. Manjano. Alikuwa ameukanyaga mkono wa chuma kwa miguu miwili, ameshikilia nguzo.

Kule juu walituona. Mayowe yakaanza. Mtu mmoja aliteremka mbio kufuata ukingo wa reli, ovaroli ya bluu, akapiga goti moja. Nilidhani ananilenga mimi. Hakuangalia juu kabisa. Ya nini aangalie juu? Miaka yote mshika breki ndiye mwenye koti.

Mshale wa kwanza ulimwingia mzee mgongoni. Aliinama, hakuachilia. Nilipaza sauti, "Weldon! Ni babako! Weldon!" Magurudumu yalimeza sauti yangu. Mshale wa pili ulimwingia kiunoni. Akaukumbatia ule mkono, akaulalia kwa kifua, na sisi tukapita juu ya reli aliyotushikia, magurudumu yote manane, yeye akiwa chini yangu karibu kiasi kwamba ningeweza kumtemea mate. Aliniangalia. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu. Sikuweza kusimamisha. Kama ningevuta breki tungelala pale watu arobaini na wawili. Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu na sikuvuta.

Nyuma yetu, ukungu ukifunga, nikasikia Weldon akiita wenzake kwa Kiswahili, ili wale wa mbali na sisi wote tusikie, sauti imejaa furaha.

"Nimemmaliza Gichana! Nimemmaliza Gichana!"

 Halafu sauti ambayo sitaiandika.

Jumapili, Aprili 5

Tumelala kanisani, familia tisa darasa moja la katekisimu. Nyabate haongei. Mvua kila siku.

Jumanne, Aprili 7

Polisi wameenda Tebeswet. Wamesema hali ni shwari.

Jumapili, Aprili 12

Nimempiga mtu kwenye foleni ya unga kwa sababu alisema Wakipsigis wote ni nyoka. Nilimpiga mpaka wakanitoa. Baadaye nilimwomba msamaha, naye amepoteza watoto wawili. Sijui tena nani nimkasirikie.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 19

Phelix amekuja. Hakuweza kuniangalia kwa sababu ya Alhamisi ile, nami sikumsaidia. Alikuwa na kitu kirefu chini ya kwapa.

"Yule kijana Weldon alinisimamisha stesheni," alisema. "Amenyoa kichwa. Amesema nikupe hii, hakusema ingine. Nilimuuliza ni ya nini, akakaa chini kwa reli. Wanasema hajaingia kwa nyumba tangu siku hio. Mamake humwekea chakula nje."

Nikafungua. Kulikuwa na kipande cha koti la manjano, kimekatwa kwa kisu, na katikati yake tundu dogo lenye ukingo mweusi. Ndani yake mlikuwa na mrija. Ni wa Kipkirui, naujua kwa alama za meno yake mdomoni.

Unakwenda kwa kifungua mimba. Amekataa kuushika.

Nyambeki alikuja akasimama nyuma yangu. "Ni matusi tena?" akaniuliza, polepole, kama mtu anayeogopa.

"La," nikamwambia. "Mara hii nimeelewa."

Nililigusa goti langu. Ni goti hili hili. Kisha nikapata msumari, nikautundika ule mrija juu ya mahali tunapolala, na Nyabate akauliza, neno lake la kwanza tangu Machi, "Ni ya nani?"

Nikamwambia ni wa babu yako.

Mvua: imenyesha tangu asubuhi. Mabehewa: hakuna.